Nilisaini Kwamba Wote Wapo

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tano. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya London, yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Moyo umetulia. Umetulia kama mtoto aliyechapwa, akalia, akalala.

Leo nimelidanganya jeshi la Uingereza kwa maandishi.

Usinitolee macho, shajara. Na nyie mnaosoma humu kimyakimya bila hata kusalimia, kaeni vizuri. Nitaeleza yote, na kama kawaida yangu nitajisifu kidogo njiani, maana nisipojisifu mtadhani mtu mwingine ameniibia nywila.

Kwa aliyefika leo: mimi ni Lazaro, Mchunga Ng'ombe wa Hayes. Cheo nimejipa mwenyewe na hakuna aliyekipinga. Shule niliachia kidato cha pili, Kiteto, na sikuachishwa na mtu. Niliangalia ile hesabu ya herufi, eks na wai, nikaona tumeshindwana. Sasa naishi kwa shangazi yangu, dada yake baba, kwenye nyumba ambayo ndege za Heathrow zinapita chini mpaka unaweza kukagua matairi. Jumatatu hadi Ijumaa napanga maboksi ghalani. Jumamosi nachunga ng'ombe kwenye ardhi ya jeshi.

Ndiyo, ng'ombe. Ndiyo, jeshi.

Ilianza msimu wa vuli, nikiwa kwenye treni natoka kumtembelea rafiki. Nikaona dirishani ng'ombe weusi wenye mkanda mweupe tumboni, wamesimama kwenye uwanda mpana, na nyuma yao bendera nyekundu. Nikashuka kituo kisichokuwa changu. Nilitembea nusu saa kufuata harufu tu. Kwenye uzio nikamkuta mama mmoja wa makamo, kofia ya sufu, tope mpaka magotini, anamvuta ng'ombe aliyegoma. Nikamwambia, "Mama, unamvuta kutoka mbele kama mbwa. Sogea." Nikapita nyuma, nikamgusa begani, nikapiga mluzi wa baba yangu. Ng'ombe akatembea kama aliyeitwa chakula.

Yule mama ndiye Helen. Yeye anasimamia kikundi cha mazingira kinachotunza ardhi ile, na toka siku hiyo mimi ni mtu wake wa kujitolea. Sikuomba. Alinisihi. (Sawa, niliomba kidogo.)

Mambo yenyewe ni haya. Ardhi ile ni ya jeshi tangu enzi za mababu zao, uwanja wa kulengea shabaha. Kwa sababu ya risasi, hakuna aliyethubutu kujenga ghorofa wala kulima viazi. Basi ndege na mijusi waliofukuzwa kila mahali wakajibanza humo humo, katikati ya milio. Watu wa mazingira wakawaona, wakaenda kwa wanajeshi, wakakaa mezani, wakaandikiana: ninyi fanyeni mazoezi, sisi tutatunza ardhi. Na anayetunza ardhi, kusema ukweli, ni ng'ombe. Ng'ombe asipokula, vichaka vinapanda, uwanda unageuka msitu, ndege wa kutaga chini anakosa pa kutagia na mwanajeshi anakosa pa kuona shabaha yake. Ng'ombe akila, wote wawili wanafurahi.

Helen aliponieleza hivyo nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kwetu, ng'ombe akiingia hifadhini anakamatwa, na mwenye ng'ombe anatafutwa. Hapa ng'ombe analetwa hifadhini kwa gari, ana hereni sikioni, na ana daktari wake. Nilipomwambia baba kwa simu, alisema, "Lazaro, umeanza kunywa?"

Sasa utaratibu, maana bila huo hamtaelewa kosa langu. Uwanja una pande mbili, juu na chini, na katikati kuna njia ya magari. Upande wa juu ndiko kwenye shabaha na vichaka vya miiba. Siku za mazoezi ng'ombe wanateremshwa chini tangu jana yake. Asubuhi mtu mmoja anawahakiki, anajaza fomu kwamba wote wako chini, anasaini, anampelekea msimamizi wa uwanja. Msimamizi akiipokea ndipo mazoezi yanaanza. Bila saini ile, hakuna risasi hata moja. Ebu fikiria: kijana wa kidato cha pili ana kalamu, na jeshi zima linasubiri.

Msimamizi mwenyewe ni Sajini Craig, mtu wa masharubu mekundu. Aliwahi kukaa Kenya kwa mazoezi, kwa hiyo anajua maneno manne ya Kiswahili na anayatumia yote kila tunapoonana. Nilimfundisha kuitwa Afande. Mwanzoni alicheka. Siku hizi nikisahau, ananuna. Yeye ananiita Chifu, na mimi sioni sababu ya kumsahihisha.

Fomu yangu ya kwanza, miezi mitatu iliyopita, ilinitia aibu. Pale palipoandikwa idadi, mimi niliandika: Chausiku yupo, Bi Mkubwa yupo, Mpiga Teke yupo, Mjane yupo, nikaendelea hivyo mpaka nikajaza na nyuma ya karatasi. Maana kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Baba anasimama mlangoni mwa zizi jioni, wanapita mbele yake, hasemi kitu, halafu anageuka, "Yule wa pembe iliyovunjika yuko wapi?" Hajui hata wako wangapi. Anajua nani hayupo.

Helen alinirudishia karatasi. "Laz, ni nzuri sana," alisema, na mtu wa hapa akianza hivyo ujue umeharibu. "Lakini jeshi linataka namba." Wiki iliyofuata akaniletea kidude cha chuma, unakibonyeza kwa dole gumba, kinasogeza namba. Tik, tik, tik. Nilikipenda mno. Nilijiona msomi. Nilikuwa nabonyeza hata kwenye basi, nahesabu vipara.

Na leo, shajara, ilikuwa Jumamosi yangu ya mwisho ya majaribio. Jumatatu Helen anakaa na watu wa jeshi kuamua kama ile nafasi ya mchunga ng'ombe wa kudumu nipewe mimi. Mkataba kabisa, buti zao, koti lao. Ghala kwaheri. Wiki nzima nimemsumbua shangazi kwa habari hiyo. Hata binti yake, Neema, aliyezaliwa hapa na anayenijibu kwa Kiingereza kila kitu, alinikumbusha jana kwamba bado sijapata kazi yenyewe, nipunguze kelele.

Sikupunguza.

Basi saa tatu asubuhi niko upande wa chini. Helen yuko mbali, anarekebisha uzio. Ng'ombe wamejikusanya kwenye kona, mvua imewainamisha vichwa. Wanatakiwa kumi na tisa. Nikasimama kwa mbali kidogo, kama mkaguzi, nikabonyeza. Tik, tik. Kumi na tisa. Nikarudia, maana mimi ni makini. Kumi na tisa. Nikajipiga picha, mimi mbele na kundi nyuma, kofia nimeivuta upande, nikaituma kwenye grupu la ukoo: "Wote wapo. Mchunga Ng'ombe wa Hayes." Kisha nikaandika 19, nikasaini kwa mkia mrefu, nikampelekea Sajini.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Afande."

"Asante sana, Chifu. Pole pole." Maneno yake manne yaliisha hapo.

Bendera nyekundu ya hatari ikapanda. Mimi nikaenda zangu kwenye kibanda chetu, nikawasha birika.

Nikiwa na kikombe mkononi nikafungua simu kuona nani amenisifu. Wajomba wawili walishaweka vidole gumba. Nikaivuta picha kwa vidole kuona vizuri sura yangu, maana lazima niseme, ile kofia inanikaa. Nikavuta zaidi. Na hapo, juu ya bega langu la kushoto, kuna uso wa ng'ombe unanitazama.

Sikumjua.

Nimekaa nao tangu vuli. Watu wa hapa wanasema wanafanana kama mayai, wote weusi, wote mkanda. Uongo mtupu. Chausiku ana jicho la dharau. Mpiga Teke mkanda wake umepinda. Mjane hasogei mpaka asogezwe. Huyu wa kwenye picha alikuwa mtamba, bado hajazaa, mkanda umenyooka kama umepimwa kwa rula, na uso mgeni kabisa. Si wetu. Ng'ambo ya uzio wa chini kuna mfugaji ambaye ndiye aliyewauzia kina Helen kundi hili. Ana wengine wa ukoo huo huo. Mmoja alikuwa amepenya.

Kama yupo mgeni na jumla ni kumi na tisa, basi mmoja wetu hayupo.

Nikafumba macho, nikawapitisha mlangoni mwa zizi, mmoja mmoja, kama afanyavyo baba. Aliyekosekana ni Bi Harusi. Mkanda wake una pengo ubavuni, kama nguo iliyochanika. Mwenye mimba. Alitarajiwa kuzaa wiki mbili zijazo, na mwenye mimba akikaribia hujitenga vichakani. Hilo nalijua tangu nikiwa na miaka saba. Hilo halikuhitaji eks wala wai.

Juu, milio ikaanza.

Sasa sehemu hii ningeweza kuiruka, hakuna ambaye angejua. Lakini nimeahidi.

Nilikunywa chai.

Sikukimbia, sikupiga simu. Nilikaa nikanywa nusu kikombe nzima, taratibu, nikiwaza Jumatatu. Nikawaza kwamba uwanja ni mkubwa na ng'ombe ni mmoja. Nikawaza kwamba risasi zinakwenda kwenye shabaha, haziendi vichakani. Nikawaza kwamba pengine yuko tu nyuma ya kibanda. Nikawaza kwamba karatasi inasema kumi na tisa, na kumi na tisa wapo, nani atanishtaki? Hata biskuti nilichovya.

Kilichoninyanyua siyo wema. Ilikuwa ile picha. Iko kwenye grupu la ukoo, na baba yangu ataivuta kwa vidole vyake kama nilivyoivuta mimi. Wale ng'ombe hajawahi kuwagusa, lakini nimemtumia picha zao kila Jumamosi na anawajua kuliko Helen. Baba angemwona yule mgeni kabla hajaniona mimi.

Nikaacha kikombe, nikakimbia.

Mimi nina mbio, hilo wote mnajua, mwaka wangu wa mwisho shuleni nilikuwa wa pili wilayani (wa nne). Leo nilikimbia kama mtu aliyevaa ndoo miguuni. Nilifika kwa Sajini sina pumzi.

"Afande, simamisha."

"Nini?"

"Nimesaini uongo. Mmoja hayupo. Yuko juu."

Alinitazama kidogo tu, hata hakuniuliza mara ya pili. Akainua redio, akatoa amri. Milio ikakatika. Nilisikia manyunyu kwenye koti langu, na ndege mmoja mdogo aliyeanza kuimba papo hapo kana kwamba alikuwa anasubiri zamu.

Ndipo akanigeukia. "Karatasi inasema kumi na tisa."

"Wako kumi na tisa. Mmoja si wetu. Wetu mmoja yuko juu, ana mimba."

"Umejuaje?"

"Sura, Afande."

Alivuta masharubu. Najua alichokuwa anawaza: huyu ndiye kijana aliyeniambia kwao alipigana na fisi wawili kwa kiatu. Nimewahi kumwambia hivyo. Alikuwa fisi mmoja, na alikimbia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani ningekuwa mtu wa maneno machache.

Akamwita Helen kwa redio. Helen akaenda kundini, akamsogelea yule mtamba, akasoma hereni. Redio ikakoroma. "Wa jirani," sauti yake ilisema. Kisha, "Laz yuko sahihi. Naja."

Kilichofuata nitakisimulia mpaka nizeeke. Afisa mdogo, kijana kama mimi tu, aliwapanga askari wake kwenda kutafuta. Nyuso zimepakwa rangi ya matope, bunduki zimetolewa risasi na kukaguliwa, wako tayari kutawanyika kama siafu. Helen akatokea na kofia yake ya sufu, akasimama mbele yao. "Hakuna anayetoka nje ya njia," alisema. "Kuna viota chini. Mstari mmoja. Mkiona ndege anaruka miguuni penu, simameni." Jamani! Wanaume wale wote, wenye mabuti yale, wakapanga mstari mmoja nyuma ya mama mmoja, wakitembea kwa ncha za vidole. Mmoja alisimama ghafla, akanyoosha mkono, wote wakasimama. Kandege kadogo ka rangi ya majani makavu kakaruka. Wakazunguka.

Wa kwetu hawataamini. Kwetu mwenye bunduki porini unamkimbia. Leo nilitembea katikati yao natafuta ng'ombe, na aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, kama kanisani, "Anaitwa nani?"

"Bi Harusi," nikamwambia.

Akawa anaita. Matamshi mabovu, lakini anaita.

Nikapiga mluzi wa baba. Kimya. Nikapiga tena. Helen akanishika mkono. Upande wa kulia, kwenye vichaka vya miiba yenye maua ya njano, kuna kitu kilikoroma, kifupi, kama mtu aliyesumbuliwa usingizini.

Alikuwa amelala humo. Na mbele yake, ameloa, masikio yamelegea, amesimama kwa miguu ambayo ilikuwa haijakubaliana iende wapi, ndama. Mweusi, mkanda mweupe, pengo ubavuni kama mama yake.

Kutoka pale mpaka kwenye shabaha ni kama kutoka mlangoni kwa shangazi mpaka kituo cha basi, hatua mia hazifiki. Nimeipima kwa macho. Nimeipima mara nyingi tangu saa ile.

Hakuna aliyeshangilia. Helen alituzuia kwa mkono, tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tukawaacha. Mazoezi yakafutwa kwa leo. Yule afisa mdogo hakufurahi na alinitazama kama eks na wai. Sina la kumlaumu.

Sajini alinisubiri getini na ile fomu yangu mkononi, saini yenye mkia inaonekana kutoka mbali.

"Nitakuandika, Chifu," alisema. "Saini ni saini."

"Ndiyo, Afande."

"Nitaandika pia kwamba ulirudi mwenyewe. Lakini saa uliyorudi nitaiandika kama ilivyo."

Moyo ukashuka mpaka kwenye buti. Kutoka saini mpaka kurudi ni kama dakika ishirini. Nani anachukua dakika ishirini? Nikamwambia. Sijui kwa nini, nikamwambia yote, birika, kikombe, mpaka biskuti. Alisikiliza, akakunja fomu, akaiweka mfukoni. "Basi uandike hayo mwenyewe," alisema. "Kabla ya Jumatatu. Usimwachie Helen ayasikie kwangu."

Helen alinirudisha stesheni kwa pikapu. Alikasirika, na hasira ya watu hawa ni kuendesha gari kwa uangalifu mno. Karibu na taa za barabarani ndipo akaniuliza, "Ulimgunduaje yule mtamba?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri, yote ya kishujaa.

"Nilikuwa naangalia picha yangu," nikasema.

Alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka taa ikawa kijani na walio nyuma wakapiga honi. Kisha akasema jambo ambalo bado liko moyoni mwangu. "Mimi ndiye niliyekupa kile kidude."

Nyumbani shangazi alikuwa ametoka shifti yake ya kulea wazee, miguu kwenye beseni la maji moto. Nikamsimulia. Nilidhani atanihurumia.

"Kwa hiyo ulikuwa unajiangalia wewe," alisema.

"Shangazi, nimemwokoa ng'ombe."

"Umeokolewa na kofia. Mpigie baba yako kabla sijampigia mimi. Ukimaliza uje ukande chapati, mikono yako haina dakika ishirini za kupoteza."

Sasa, shajara, kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika humu. Na humu nimeandika mengi, mpaka ya fisi.

Mwaka nilioacha shule, kiangazi kilikuwa kikali na nilikuwa nachunga kundi la baba karibu na mpaka wa hifadhi. Siku ile kulikuwa na mechi. Niliwaacha ng'ombe malishoni nikaenda kijijini kwenye kibanda umiza, nikabanana na wenzangu mbele ya televisheni. Mapumziko, baba akapiga simu. Nikatoka nje, nyuma ya kibanda, nikapokea. Aliuliza kama anavyouliza siku zote: "Wote wapo?"

"Wote wapo, baba."

Walikuwa wameshavuka. Askari wa hifadhi waliwakuta ndani, wakawachukua, na wengi hawakurudi. Mimi nikamwambia baba kwamba hawakuvuka, kwamba askari ndio waliotoka nje ya mpaka wakawachukua upande wetu mbele ya macho yangu. Baba akasimama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu na mbele ya mkubwa wa wale askari, akaapa kwamba ng'ombe wake hawakukanyaga hifadhi. Aliapa kwa neno langu. Hawakumwamini. Tangu siku hiyo baba hakusimama tena kwenye mkutano wowote.

Ndiyo maana nilipanda ndege haraka shangazi aliponiita. Nyie mnadhani nilifuata maisha.

Nilimpigia. Kwao jua lilikuwa limeshazama, nasikia kuku wanagombania pa kulala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yule mtamba kwenye picha ni wa nani?"

Niliwaambia! Nikamsimulia yote, saini, chai, askari kwenye mstari, ndama. Hakunikatiza. Alipouliza swali lilikuwa moja tu: ndama amesimama mwenyewe? Nikasema amesimama. Akasema vizuri.

Halafu nikasema, "Baba, na ile siku nyingine."

"Ipi?"

"Ya kwenye simu. Nilikuambia wote wapo."

Nikaitoa simu sikioni kuangalia kama imekata.

"Njuga hazikusikika," alisema.

Sikuelewa.

"Siku zote nikikupigia machungani nasikia njuga za ng'ombe nyuma yako. Siku ile nikasikia watu wanashangilia goli."

Alijua. Miaka yote hii. Alijua siku ile ile, kabla ya mkutano, na bado akasimama.

Nilitaka kumuuliza kwa nini aliapa. Yeye akasema tu kwamba giza limeingia na hajafunga zizi, nimsalimie dada yake. Akakata.

Nimekanda chapati. Nimekula tatu. Neema aliniangalia machoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba hii alinisemesha Kiswahili: "Pole." Kisha akaondoka haraka, kama aliyeangusha kitu.

Sasa nimekaa na karatasi ya barua kwa Helen na jeshi lake. Kazi naweza kuikosa. Nikiwa wao, mtu wa dakika ishirini ningesita kumwajiri. Nimeandika mstari wa kwanza mara tano. Mara ya kwanza nilianza na utaalamu wangu wa kutambua sura. Nikafuta. Mara ya pili na ubovu wa uzio wa jirani. Nikafuta. Sasa unasomeka: Nilibonyeza bila kutazama, na nilipojua, nilikunywa chai kwanza.

Mbaya kwa sarufi, pengine. Lakini uko hivyo.

Nikimaliza waraka huu kuna wa pili, kwa mwenyekiti wa kijiji chetu na yule mkubwa wa askari, kama bado yupo. Huo utakuwa mrefu, na hauna nafasi ya kofia. Je, nitautuma? Au nitaivuta kwanza picha yangu nione kama inanikaa?

Asubuhi napanda treni ya mapema, Jumapili au siyo, kumwona Bi Harusi na mwanawe. Kidude nimekiacha juu ya friji. Nitasimama getini, wapite mmoja mmoja, na sitafungua mdomo mpaka nimemaliza kuwatazama wote usoni.